Ruhusa ya Matanga

Durban, 2 Machi 2025

Kwako mwanangu Méthode,

Salamu nyingi, zile za moto kama chai. Uko mzima? Tumbo je? Na lile jino? Mimi niko mzima, Mungu ananipenda hata kama Durban inanipenda kidogo kidogo.

Barua yako Hardy dereva ameniletea hapa saluni jana, inanuka mafuta ya lori mpaka mteja akakohoa. Basi wamewanyang'anya simu zote? Eti adui asijue mko wapi. Sawa, na mama naye asijue? Nimelia kidogo, nikafuta, nikaendelea kusuka, juu kichwa cha mtu hakiachwi nusu.

Tutaandikiana hivi hivi. Hardy anapakia mzigo hapa Clairwood, anapanda mpaka nyumbani, shangazi yako Libère anapokea, anawapa wale wa gari ya chakula wanaovuka mpaka kuja kwenu. Itachukua mwezi. Si kitu, maneno yangu hayaozi.

Huku habari iko. Cathy, huyu mwenye saluni, ameachana na Peguy wa duka la simu. Anasema wameachana kwa amani, lakini picha zote amemkata kichwa na mkasi. Gloriose, yule wa kukodisha viti, anaozesha binti yake huku Cato Manor, amealika watu kama anafungua kanisa.

Sasa wewe niambie ukweli. Ulisema mnaenda kulinda barabara. Barabara gani hiyo inataka watoto wa watu wengi hivyo? Usinifiche. Mimi najua mpaka kinachopikwa kwa jirani na sufuria imefunikwa.

Mama yako,
Godelive

Mlimani, 11 Aprili 2025

Mama,

Nakusalimu sana. Natumaini miguu haivimbi kwa kusimama. Mimi mwili ni mzima.

Umeuliza ukweli. Hakuna barabara. Tuko kwenye mlima ng'ambo ya mpaka, tunachimba mashimo, tunalala humo. Mvua ikinyesha tunalala tumesimama. Wale niliokuja nao wengi hawapo, na majina yao hatuyataji. Tulitaja moja zamani, usiku wote mtu akalia.

Shimo langu nakaa na Anicet, mtoto wa kwetu, anachekesha sana. Siku hizi anachekesha kidogo.

Mama, mimi si mwoga, unanijua. Lakini hapa sitoki. Ruhusa hawatoi kwa ugonjwa, hawatoi kwa harusi. Wanatoa kitu kimoja tu: mzazi akifa, mtoto wa kwanza anaachiwa aende kuondoa matanga, kwa sababu hata kapiteni anaogopa laana ya matanga yasiyoondolewa. Juzi kuna mmoja alifiwa na baba. Tulimwangalia akishuka mlima, mama, Mungu anisamehe, tukamwonea wivu.

Niombee.

Mwanao,
Méthode

Durban, 6 Mei 2025

Mwanangu mpenzi,

Uko mzima? Mimi niko mzima sana, na hilo neno ulishike kwa mikono miwili, juu utasikia mengine.

Nimesoma barua yako, nikafunga mlango wa choo cha saluni, nikakaa humo mpaka Cathy akagonga. Nikatoka na akili. Méthode, mimi nitakufa.

Ngoja, usiruke. Nitakufa kwa mdomo tu. Julienne, mkubwa wa chama chetu cha wamama, ataweka picha yangu kwa meza na maua, wamama watakaa chini na vitenge, wataimba. Kisha Julienne atampigia Libère, Libère atapiga yowe mpaka kambi yenu ya kule nyumbani, na wewe mtoto wa kwanza utaachiwa. Ukifika kwa Libère, unavua ile nguo, unatafuta Hardy, unalala nyuma ya kiti chake mpaka Durban. Huku kazi iko, hata kufagia iko.

Hatuanzi kabla ujibu barua hii. Nataka ujue kwanza, usije ukaumia bure. Ukisha kuijua, lia vizuri mbele ya kapiteni. Wewe ulikuwa unalia vizuri ukiwa mdogo.

Nimemwambia Julienne peke yake. Na Cathy, juu picha nzuri ni yake. Na Gloriose kidogo, juu viti ni vyake. Hardy anaondoka kesho asubuhi. Julienne anasema nikiwa marehemu ninapendeza. Nimemwambia sharp, sawa tu, utanizika na wigi.

Mama yako mzima,
Godelive

Mlimani, 15 Mei 2025

Mama,

Sijui naandikia nani. Lakini mkono umezoea kuanza hivyo. Huko uliko, natumaini miguu haikuumi tena.

Kapiteni aliniita, akavua kofia. Alipovua kofia nilijua. Alisema kambi ya nyumbani imetuma neno, shangazi Libère amefika huko anagaagaa chini, eti umeanguka kazini, ukiwa unasuka. Akanipa ruhusa papo hapo.

Nilichukua kile kikaratasi, nikakaa nacho. Nikafikiri: nikishuka naenda wapi? Kaburi liko Durban. Nyumba ya kwetu haina mtu. Nitaondoa matanga gani, kwenye uwanja mtupu? Na Anicet mama yake anaishi, na usiku anamwita akiwa usingizini. Nikamwambia kapiteni, aende Anicet. Akasema, mimi natoa nafasi moja, atakayeitumia ni shauri lenu. Anicet alikataa. Nikamtukana mpaka akakubali.

Jioni wameuliza nani watabaki kushika daraja la chini ili wengine warudi nyuma. Mwenye mama hainui mkono kwa swali kama hilo. Mimi nimeinua.

Barua hii Anicet atampa shangazi, shangazi ampe Hardy. Nimeomba waiweke kaburini kwako. Usiniseme vibaya huko. Nilikuwa nimechoka pia, mama.

Mwanao,
Méthode

Durban, 16 Juni 2025

Méthode, Méthode wangu,

Niko mzima. Salamu ni hiyo. Niko mzima, nimeketi, ninaandika, kalamu hii ni ya Cathy.

Sikiliza. Lori la Hardy, lenye barua yangu ya kukueleza, lilikuwa bado halijafika hata Musina kule mpakani. Gloriose alimwambia mkwe wake, siri tu. Mkwe akamwambia dada yake nimekufa, bila kusema ni kwa mdomo tu. Dada akajirekodi kwa simu analia, akatuma mpaka nyumbani. Jioni hiyo Libère akasikia huko nyumbani, akakimbia kambini bila viatu, analia kweli. Mimi nilikuwa nakula. Nilipompigia aliangusha simu. Akarudi kambini kusema nimefufuka, askari wa getini akamcheka: mama, wote wanaokuja hapa wanataka watoto wao, nenda nyumbani.

Tukasema basi, mpango umejifanya wenyewe. Méthode anakuja. Libère akapika maharage na ndizi, akatandika kitanda. Akaingia Anicet.

Amenisomea barua yako kwa simu. Nilipomwambia asante mwanangu, akauliza anaongea na nani.

Amesharudi huko mlimani na neno langu mdomoni, kwamba niko hai. Tangu siku hiyo hakuna gari ya chakula iliyoleta jibu. Libère anasimama barabarani kila siku. Wanasema daraja, wanasema hawajui, wanasema rudi kesho. Mimi nilikuwa napata habari zote za mji huu, sasa hii moja tu sipati.

Gloriose alikuja kuomba msamaha, akapiga magoti. Nimwambie nini? Mdomo uliomwambia ni wangu.

Shusha mkono, mwanangu. Uko na mama. Kama uko kwa daraja, toka, tambaa, pita majini, watakuita mwoga na mimi nitaitika kwa niaba yako. Kama wamekukamata, sema una mama, hata adui ana mama.

Barua hii naibeba mwenyewe. Hardy amenipa kiti, tunaondoka saa hii kutoka Clairwood. Julienne analia, anasema nikivuka mpaka makaratasi yangu ya ukimbizi yamekufa, sitarudi Durban tena. Nimemwambia acha yafe.

Nitafika getini pale. Nitakaa chini na kitenge changu. Wakiniuliza nimekuja kwa nini, nitasema mimi ndiye yule marehemu, na mtoto wangu wa kwanza hajaja kuniondolea matanga.

Mama yako