Mtu wa Kulaza Nyasi

Dubai, 9 Novemba

Dada yangu Kunigunda,

Huu ni mwaka wa nne tangu niondoke Matiri na begi la marehemu baba. Shikamoo. Na mama umwamkie kwa niaba yangu. Kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko? Watoto je, na mibuni ya nyuma ya nyumba? Mimi napumua, namshukuru Mungu. Mengine nitayasema mbele.

Ujumbe wako niliupata. Unasema baba mdogo Nazari ametamka mbele ya ukoo kwamba ngolo zetu za mlimani, miraba yote ile ya mashimo na matuta, zisipopata mwanaume wa kulaza nyasi Machi ijayo, atapanda miche yake ya kahawa pale, maana shamba lisilo na mwanaume ni pori. Na shemeji Kilian hahesabiki, kwa kuwa ni wa ukoo mwingine. Uliniuliza nakuja au siji. Nikanyamaza, nawe ukaninunia. Ulikuwa na haki.

Hapa Dubai napita tu, nangoja ndege ya kunipeleka kwenye kazi mpya, kulinda lango la ghala katika nchi nyingine. Niko na Tumsifu, Mchaga niliyefanya naye kazi. Yeye anakwenda nyumbani likizo, na barua hii ataituma akifika. Asubuhi alipata tiketi za bure za maonyesho ya picha za mwanga, akanivuta. Nilimwambia picha nimeziona za kutosha kwenye simu. Akasema hizi unaingia ndani yake.

Kweli, dada, unaingia. Ni ukumbi mkubwa wenye giza, kisha kuta, dari na sakafu vinawaka. Kwanza maji yalitufunika, ya bluu kama ziwa linavyoonekana ukiteremka Mbamba Bay. Nikakumbuka tulivyokwenda kwa shangazi, kule Ngumbo, ukatapika kwenye kanga mpya ya mama. Nikacheka peke yangu.

Kisha tukaingia chumba cha pili. Sakafu ilionekana kama mteremko, mistari ya kijani imekatana, miraba mpaka juu. Watu walitembea ovyo. Mimi nikaanza kuruka mistari, nakanyaga ndani ya miraba tu, kama mama alivyotufundisha kwa fimbo, kwamba kwenye tuta kuna maharage. Tumsifu alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema Mmatengo hata akifika mbinguni ataulizia mteremko. Nikamwambia Mchaga ataulizia kama kuna fremu ya duka.

Msimamizi akatuonyesha kwamba ukiburuta mkono sakafuni unaacha mstari wa kijani, na mwingine akipita juu yake unageuka udongo na kuchipua. Ni kama kwenye ngolo, mwanaume analaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari, mwanamke anazifukia kwa udongo. Nikapiga magoti. Nikalaza mstari wa kwanza, nikalaza wa pili, nikaikata kwa mingine. Mama mmoja wa Kifilipino, mwenye mvi, akawa ananifuata nyuma anafukia, bila kuambiwa na mtu. Nilisahau nilipo. Nilisikia harufu ya nyasi mbichi, na sauti yako ukinikaripia kwamba nalaza kama mlevi na jembe lako linanifikia.

Nilipotaka kusimama, sikuweza. Tumsifu na yule mama ndio walioninyanyua.

Hapa, dada, usimsomee mama. Mwaka jana nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Mgongo umefungwa vyuma ndani. Ndiyo maana nimepewa lango. Siwezi kubeba gunia, siwezi kufyeka wala kuinua jembe. Nilikusudia kukujibu kwamba siji, baba mdogo achukue shamba, nami nikae huku mpaka mzoee kutokuwepo kwangu. Niliona aibu kurudi nimepinda kuliko mama.

Lakini leo nimejua kwamba kulaza nyasi naweza, kwa magoti. Kusimama tu ndiko kunakotaka watu wawili. Shemeji Kilian anifyekee, mimi nilaze, wewe ufukie, na jioni mninyanyue. Ukitaka kunikaripia, nikaripie.

Mwambie baba mdogo Nazari, kwa heshima, kwamba mwanaume yupo. Msalimie shemeji, na wote wa kanisani wanaoniulizia. Kazi mpya nitaifanya miezi mitatu tu, ndiyo waliyokubali. Nitafika mwisho wa Februari, mvua ikiwa bado inanyesha. Nyasi za mlimani asiziguse mtu.

Mdogo wako,
Benno