Diski ya Baba Ina Homa

Jumatatu, 9 Juni

Igamba, nyumbani kwa Mama. Nimewasha moto, nimechota maji. Mama alikuwa ameshakaa mbele ya TV. Video ya Baba tena. Niliichukua mwenyewe mwaka wake wa mwisho: amekaa uani anachambua kahawa, saa nzima na ushei, karibu bila neno. Mama anaiwasha kunapopambazuka, anaizima akienda kulala. Ikiisha inaanza upya.

Nimegusa diski yenye video hiyo, iliyochomekwa nyuma ya TV. Inaunguza. Mama ameifunika kitambaa cha kufuma, kama vile vya kwenye makochi, na juu yake kitenge. Nikamuuliza kwa nini. "Baridi hii ya Mbozi, nani anaachwa bila kufunikwa?" Nimecheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 10 Juni

Nimeivua vitambaa. Nimemweleza Mama kwamba joto ndilo linaloua diski, kwamba mle ndani kuna kisahani kinazunguka kutwa, na kimezeeka. Amesikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni. Nilipokwenda shambani akaifunika tena.

Nina hasira, zaidi na nafsi yangu. Riziki yangu kule Tunduma ni kupiga video za harusi na misiba. Kazi ya mteja naihifadhi mahali pawili. Ya baba yangu iko humu tu. Kinyozi hajinyoi.

Alhamisi, 12 Juni

Imeanza kugonga. Tk, tk, kama ukucha juu ya bati. Video inafika mahali Baba anainua uso, anatazama mbele, anasema, "Njoo." Inaganda. Inarudi nyuma. Njoo. Inaganda. Njoo.

Sikumbuki alisema nini pale. Sikumbuki kama alisema kitu.

Nimemkuta Mama amesogeza kigoda mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo. Nimezima. Amewasha.

Ijumaa, 13 Juni

Mama hajala tangu jana. Anasema ameshiba. Amefua kitenge chake kizuri, amekikunja kitandani. Halafu akamwita jirani yetu, Mama Sikanyika, akampa jembe lake na sufuria kubwa ya shughuli. Jirani alipokea bila kunitazama usoni.

Nimemuuliza Mama anafanya nini. "Baba yako ananiita. Si umesikia mwenyewe?"

Nikasema, Mama, hiyo ni diski imeharibika, ni joto.

"Najua ana homa," akasema. "Hata siku zile alikuwa hivyo hivyo."

Naogopa. Sina neno lingine.

Jumapili, 15 Juni

Hakwenda kanisani. Mvua, matope, mafua, havijawahi kumzuia. Leo amekaa. Uji ameugusa kwa midomo tu. Mikono yake imekuwa myepesi.

Nimepanda mlimani penye mtandao, nimempigia Ambele, fundi wangu wa kompyuta kule Chapwa. Akasema, "Dada Eda, hiyo usiilazimishe. Iache ipumzike, ipoe kabisa, ndipo uinyofoe video kidogo kidogo. Ikichemka, zima. La sivyo itakufia mkononi."

Ipumzike. Ipoe. Itakufia. Nimerudi njia nzima na maneno hayo. Ndiyo tuliyokuwa tukinong'onezana nje ya wodi ya Baba.

Nataka kipande kile tu. Alichosema baada ya njoo. Mama akikisikia chote labda atakula.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeichomoa Mama akiwa bafuni. Nimeiweka stoo, juu ya saruji, kando ya magunia ya kahawa, uchi kabisa, dirisha wazi. Laptopu inanakili kidogo, nazima, nasubiri, nagusa. Mama amekaa mbele ya TV iliyozimwa. Halalamiki. Anauliza tu kupitia ukutani, "Bado ana joto?" Bado, Mama.

Mchana nikaiacha inanakili, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda kisimani. Niliporudi ilikuwa imefunikwa. Kitambaa, kitenge, na sweta la kahawia la Baba. Harufu ya plastiki inayoungua.

Nimemfokea Mama. Sijawahi kumfokea. Anaapa hakuinuka kwenye kigoda, na miguu yake ilivyo siku hizi, namwamini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Na sweta lile tulimpa baba mdogo siku ya kuanua matanga. Nililikunja mimi.

Sitaki kulifikiria.

Jumanne, 17 Juni

Diski imekufa. Iligonga, ikalia kwa sauti nyembamba, ikanyamaza. Lakini kipande kilikuwa kimeshaingia kwenye laptopu. Sikukisikiliza peke yangu. Niliogopa. Nikaibeba laptopu hadi kwa Mama, nikaiweka mapajani pake.

Baba anainua uso. Anatazama mbele, kwenye kamera.

"Njoo, Eda. Acha hiyo kamera, njoo ukae na mimi."

Basi. Anarudi kwenye kahawa yake.

Mama akageuka kunitazama.

"Kumbe ni wewe."

Nikaiondoa laptopu mapajani pake.

"Nilikuwa najiuliza," akasema. "Miaka yote ile alinisemesha Kinyiha. Kiswahili kilikuwa cha ninyi watoto. Nikadhani huko aliko ndiyo lugha yao."

Akainuka, akashika ukuta, akaenda jikoni. Akasonga ugali. Alikula na maharage ya jana mpaka akakomba bakuli. Mimi nilikuwa nimeshikilia laptopu. Ilikuwa ya baridi.

Alhamisi, 19 Juni

Mama ameamkia kwenye kahawa. Jana alikwenda kwa Mama Sikanyika kudai vitu vyake bila haya, na leo nimemsikia akicheka na wachumaji huko chini. Rangi imemrudi. Nashukuru Mungu. Nashukuru kweli.

Nilikuwa niondoke leo. Kuna harusi Tunduma Jumamosi. Mama amenikataza kupanda gari. Kesho, labda. Alisema hivyo huku amenishika mkono.

Mchana amenipikia kuku. Amekaa mbele yangu, mikono magotini, ananitazama. Nikiacha tonge anasogeza sahani.

Sina njaa tangu Jumanne, lakini nakula.