Jetoni ya Bluu ya Doonside

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, magharibi mwa Sydney, Jumanne tarehe 24 Machi 2026, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya konstebo wa zamu, kwa msaada wa mkalimani Hija.

Jina: Emerance Chibalonza
Umri: Miaka 54
Kazi: Mfuaji nguo, nyumba ya kutunzia wazee
Makazi: Toongabbie

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilizaliwa Bukavu, na Australia nina miaka kumi na mmoja. Leo sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa sababu ya Coletha, Mtanzania ninayefanya naye kazi nyumba moja, mimi kwenye kufua, yeye kwenye kuwahudumia wazee. Anashutumiwa kwamba alimkanyaga bwana mmoja vidole kwenye gwaride la kanivali, kwa makusudi, hata viwili vikavunjika. Tangu Jumatatu tarehe 16 amesimamishwa kazi mpaka polisi wamalize. Ameambiwa akionekana ana kosa, asitegemee kuhudumia wazee tena.

Lazima kwanza nieleze jetoni, maana konstebo ameniuliza mara mbili ni kitu gani hicho cha watu kuvunjana vidole. Ni vipande vya bati jepesi, vya mviringo, vikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, vyenye picha na mwaka. Watu walio juu ya magari ya gwaride huwarushia watazamaji wawe na ukumbusho. Haviwezi kununua hata pipi. Nilianza kuvikusanya mwaka wangu wa pili hapa, na mpaka mwaka jana nilikuwa navyo mia mbili na kumi na viwili.

Kila jetoni ina bahasha yake ndogo. Juu ya bahasha naandika tarehe, mahali, gari lililoirusha na namna nilivyoipata: kwa mkono, kama nimeidaka, kwa mguu, kama ilianguka nikawahi kuikanyaga, au kwa kupewa. Sisi wakusanyaji tuna sheria yetu kwamba iliyoanguka ni ya mguu wa kwanza. Binti yangu Aksanti hunicheka, anasema hata cheti chake cha kuzaliwa sikukitunza hivyo. Ni kweli, nilikipoteza njiani, pamoja na picha ya mama yangu na kila kitu cha Bukavu. Nilipopata tena kitu cha kutunza, nilikitunza sawasawa.

Coletha nilimfundisha mimi. Yeye si mkusanyaji hasa. Akidaka kumi anagawia watoto wa watu sita, mpaka huwa namgombeza.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, saa tatu asubuhi, nilipanda treni Toongabbie. Coletha aliingia Seven Hills, tukaenda wote mpaka Doonside. Wote wawili tulivaa sare ya kikundi chetu cha akina mama wa kanisani, kitenge cha manjano chenye picha za kanga weusi, kirefu hadi kwenye kifundo cha mguu. Tulisimama ukingoni mwa barabara, upande wa kivuli. Gwaride lilianza saa nne na nusu.

Saa tano na dakika tano lilipita lori la kikundi cha wapenda bustani. Ndilo lori pekee linalorusha jetoni za bluu, na kwa mwaka hurusha ishirini tu. Ya bluu nimeifukuzia miaka sita. Moja ilinigonga kiganja ikaanguka chini, mbele ya bwana mmoja mzee wa Kizungu aliyekuwa kushoto kwangu. Akainama kuichukua.

Nilimwona akiinama. Niliuona mkono wake unakwenda, nikasema moyoni mguu wangu utawahi. Nilivaa viatu vyangu vya kazini, vile vizito. Coletha alikuwa nyuma yangu, hatua mbili au tatu. Hakumkanyaga mtu. Mguu ulikuwa wangu.

Hapa konstebo amenisimamisha, na Hija amenieleza haki zangu. Nimesema naendelea.

Sikutaka kumvunja. Lakini siwezi kusema sikumwona, kwa sababu nilimwona. Alipiga kelele. Niliinua mguu, nikaokota jetoni, nikasema sori, nikajichanganya na watu. Nilipogeuka nilimwona Coletha amepiga magoti pale chini anamfunga yule bwana vidole kwa mtandio wake. Mimi nikaenda stesheni. Nimeambiwa kwamba polisi walipofika, yule bwana alisema uso hakuuona, aliona kitenge cha manjano tu. Na kitenge cha manjano kilichobaki pale kilikuwa cha Coletha.

Nilifika nyumbani saa saba mchana. Nilichukua bahasha mpya nikaandika: 14 Machi, Doonside, lori la bustani, kwa mkono. Katika bahasha mia mbili na kumi na tatu, ni hiyo tu niliyoidanganya.

Wiki nzima nilikwenda kazini. Bibi wa chumba namba tisa, ambaye hanywi chai mpaka apewe na Coletha, aliniuliza siku nne mfululizo Coletha yuko wapi. Nilimwambia yuko likizo. Siku ya nne nilikuta chai yake imepoa mezani, nikajaribu kumpa. Akafunga mdomo.

Jana Jumatatu, saa kumi jioni, nilimpigia Coletha simu. Nilimuuliza, "Coletha, polisi walikuuliza jina yangu?"

"Waliniuliza nilikuwa na nani, Mama Aksanti. Nikasema nilikuwa na rafiki yangu."

"Sasa juu ya nini hukusema ni miye?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Nilikuwa nakungoja uje useme mwenyewe."

Akaniuliza kama nimekula. Niliona aibu mpaka nikakaa chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni.

Namwomba yule bwana msamaha, na nitamwomba mbele yake kama atakubali kuniona. Naomba Coletha arudishwe kazini leo, asingoje jambo langu liamuliwe. Jetoni nimekuja nayo na ninaiacha hapa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Hija amenisomea yote kwa Kiswahili, nami nimeona yamekaa kama nilivyoyasema.

Sahihi: E. Chibalonza

MAELEZO YA AFISA

Maelezo yalikamilika saa nne na dakika arobaini asubuhi. Shahidi aliposema kwamba mguu ulikuwa wake, nilimsimamisha na kumweleza kuwa ana haki ya kunyamaza. Alijibu kwamba amenyamaza siku kumi na zimemtosha.

Nimepokea jetoni moja ya bluu ndani ya bahasha. Kabla ya kunikabidhi aliazima kalamu ya mkalimani, akakata maneno "kwa mkono" na kuandika juu yake "kwa mguu". Nilimwambia kielelezo hakiandikwi kitu. Alikuwa ameshamaliza.