Upondo Ulipokosa Chini

Kipini

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Goti lako lina nafuu? Na mto huko Nanighi umetulia upate kuvusha watu bila taabu, au bado unawasukuma? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka, Baba. Hata kalamu naiona nzito.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani husikilizwa na nyumba nzima, na haya sitaki Mama ayasikie kabla yako. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Nimekuwa nikifikiria kuacha kazi. Kesho boti tuliyoitengeneza inaanza kubeba abiria, nami natakiwa niwe ndani yake. Nisipopanda, nirudi kwetu.

Nilipoajiriwa kuwa karani wa karakana, kuagiza vipuri na kuandika stakabadhi, nilidhani nitakaa mezani. Lakini Fundi Shee, mwenye karakana, ana sharti lake: injini ikishatengenezwa, kila aliyehusika nayo hupanda boti siku ya kuijaribu na siku ya kwanza ya abiria.

"Wewe mwenyewe huiamini kazi yako, abiria aiamini kwa nini?" aliniuliza.

"Mimi nilishika kalamu tu, Fundi."

"Basi panda na kalamu yako," akadakia Nahodha Omari, mwendesha boti.

Injini ya boti hii imo ndani, chini ya mbao. Chumvi ilikuwa imeitoboa manifodi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi na kupozwa na maji. Mpya niliyoiagiza Mombasa ilikuja na tundu la maji upande mwingine, kwa hiyo mipira ya kupitisha maji ikabidi izungushwe nyuma ya injini. Tulishinda tumeinama humo kwenye joto na grisi, mimi nikiwashikia taa.

Jana asubuhi tukatoka. Fundi akaniketisha kando ya injini. "Weka mkono juu ya mpira huu, karani. Ukiwa vuguvugu, nyamaza. Ukikuchoma, piga kelele."

Hatujazipita nyumba za mwisho, nikapiga kelele. Fundi akaugusa mpira. "Huu ndio moto? Kwenu Nanighi chai hunywewa baridi?" Baada ya kitambo nikapiga kelele tena, na tena mpira ulikuwa sawa. "Huyu aogopa hata uji," akasema Nahodha, wakacheka wote wawili. Nikaapa moyoni kwamba sitasema tena.

Tulipokaribia mdomo wa mto, mpira ukapata moto kweli. Nikanyamaza, Baba. Kiganja kiliungua nami nimekaza meno, kwa sababu wakati ule niliogopa kuchekwa kuliko maji. Nilipopiga kelele hatimaye, nadhani sauti ilikuwa nyingine, maana Fundi hakuja kugusa. Alizima injini papo hapo.

"Mai hayapiti!" akasema, yaani maji ya kupoza injini. Kwenye kona ya nyuma, mpira ulikuwa umelainika kwa joto ukajikunja. Bahari ilikuwa inakupwa na mto unatuvuta kuelekea mawimbi ya mdomoni.

"Tia nanga, Omari!"

Nahodha akatazama mbele, kisha akamtazama Fundi. Nanga tuliishusha karakanani tupate nafasi ya kufanya kazi, na sote tuliisahau.

"Karani! Babako si mvushaji? Twaa upondo!"

Wajua mwenyewe kuwa hukunipa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, hata siku moja. Ulisema mikono yangu ni ya kalamu. Nilikuwa nimekuona tu, unavyouchoma na kuuegemea kwa bega. Nikauchoma. Haukugusa kitu. Ulizama mpaka mikono yangu ikaingia majini, nusura niufuate. Nikauvuta, nikauchoma tena upande wa mikoko, ukapata tope. Nikauegemea kwa bega, boti ikasogea ukingoni, Nahodha akakamata tawi. Tukaishikilia hivyo wakati Fundi anaukata mpira na kuupitisha juu ya injini kwa mviringo mpana. Hakuna aliyecheka.

Tuliporudi, Fundi alikipaka kiganja changu asali.

"Uliungua lini?"

"Kabla sijapiga kelele."

"Kabla sana?"

Akanifunga kitambaa. "Keshokutwa kuna watu. Piga kelele hata kwa vuguvugu. Nitacheka, lakini nitazima."

Leo asubuhi nimeibeba nanga mwenyewe hadi botini, kwa mkono ulio mzima, nikaifunga. Hofu haijapungua, Baba, na usingizi sina. Barua hii itakufika nikiwa nimeshapanda.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie dada Halima na mwanawe, shangazi muuza maziwa, na mjomba anayekuzibia mtumbwi. Mjomba mwambie huku hata chuma huoza.

Nina swali moja, na sikuwahi kukuuliza miaka yote hiyo niliyokaa nyuma yako mtumbwini. Upondo ukizama wote usiguse chini, na watu wamekaa wanakutegemea, wewe hufanya nini? Nipigie simu uniambie, hata nyumba nzima ikisikia.

Ni mimi mwanao, mkono mmoja kitambaani,
Jilo