Wanasema Hakimu Amerudishwa Shule

Bi Agatha mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kubebeshwa mizigo ya watu kila wiki. Naomba na mimi unisaidie wangu, na unisaidie upesi, maana jibu langu linangojewa Dar es Salaam kabla mwezi huu haujaisha, na mimi ninayeamua mambo ya watu kila siku nimeshindwa kuamua la kwangu.

Mimi ni hakimu hapa Newala, mwanamke, kwetu Iringa, nina mume mwalimu na watoto, na safu yako huwa naisoma kwenye gazeti la karani wangu huku nikijifanya natafuta bei ya korosho. Nilisoma sheria wakati ule ushirika ndio uliokuwa ukinunua korosho zote, kesi zetu zikiwa za mbuzi na ugomvi wa pombe, lakini tangu biashara iachiwe huru na matajiri waje na malori yao kila kitu kimegeuka, leo naletewa mkataba wa kampuni, kesho hundi isiyo na fedha, keshokutwa ndugu wa damu wanagombea mikorosho ambayo miaka ile bei ilipoanguka ilimezwa na pori na hakuna aliyehangaika nayo, na mawakili wanatoka Mtwara kunitajia sheria mpya, nami naandika taratibu sana ili nipate muda wa kufikiri.

Sasa chuo kikuu kimeanzisha shahada ya pili kwa majaji na mahakimu walio kazini, unakaa darasani wiki kadhaa, unarudi kwenye kiti chako na vitabu, halafu unakwenda tena, na mimi nimechaguliwa. Nilipopata habari nilicheka peke yangu ofisini kama mtoto. Mume wangu alisema nenda, ugali hata mimi naujua, nikaona mambo yamekwisha.

Kumbe bado, kwa sababu Reginald, karani wangu, kwa furaha yake tu, alisema sokoni kwamba hakimu anarudi shule, na hadi habari inavuka barabara ikawa hakimu amerudishwa shule, wakubwa wamekagua kazi yake wameona sheria hakuijua, na hukumu zake zote zimekufa. Bi Agatha, usicheke. Jumatatu nilikuta watu wamejaa barazani, wote waliowahi kushindwa kesi mbele yangu, wanataka kesi zao zianze upya, na mmoja alikuja na jogoo yule yule aliyeamriwa kumrudisha kwa jirani mwaka juzi, sijui alimpataje.

Kati yao alikuwepo Sadallah. Huyu mjomba wake alifariki akaacha mikorosho aliyoipanda pamoja na mkewe, Mama Nurdini, na wapwa wakaja kuidai kwa mila ya huku, kwamba mali ya mjomba ni ya wapwa, kesi ikanifikia kwa rufaa, nikampa mjane na wanawe. Hawakukata rufaa kwenda juu. Sasa Sadallah alisimama mbele ya watu wote akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, huku kwetu mwali akishachezwa unyago akatolewa nje, harudishwi ndani. Anayerudishwa ni yule ambaye hakufundwa. Sasa wewe kama ulikuwa unajua, unarudishwa kufundwa nini?" Watu wakaguna, na mimi, mtu wa kunyamazisha mawakili, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Siku ya pili akaenda na ndugu zake na pampu, wakaipulizia salfa, ile dawa ya ukungu, mikorosho ya yule mama, na wewe wa huku unajua, mtu akishapulizia na kufagia chini ya mti, msimu ukifika anakuja kuokota bila kumuuliza mtu. Mama Nurdini akaja nyumbani kwangu na kapu la mihogo, akaniamkia shikamoo, mtu aliyenizidi umri, akapiga magoti jikoni akasema, "Mama, usiende. Ukienda wewe, na miti yangu imekwenda."

Nimenyamaza tangu siku hiyo. Nikienda, nitakuwa nimemwacha yule mama kwenye mikono ya watu. Nisipokwenda, nitaendelea kuandika taratibu mpaka nistaafu. Na kuna jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Swali la Sadallah linanikosesha raha kwa sababu pengine ana haki, pengine katika vitabu hivyo lipo jambo ambalo sikulijua siku ile ninaandika hukumu. Niende au niache?

Ni mimi,
Hakimu niliyeshindwa kuhukumu, Newala

BI AGATHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha yote, na nyinyi wa Newala mnaosoma mkijua ni nani, fungeni midomo.

Nianze na ugomvi, halafu nikusifu, maana ukianza kusifiwa hutasikia ugomvi. Mtu mwenye kesi aliyoishinda kwako anaingiaje jikoni kwako na kapu la mihogo? Namhurumia mama yule mpaka machozi, lakini Sadallah akipita njiani akaona kapu hilo mlangoni, ataimba wimbo mwingine mbaya kuliko huu. Mrudishie mihogo yake leo, mbele ya majirani, kwa heshima zote, na umwambie mahali pa kusemea ni mahakamani. Kosa la pili ni kunyamaza. Watu wamekuuliza swali hadharani, wewe ukaingia ndani ukafunga mlango. Ulitegemea wajijibu nini?

Sasa nisikilize. Mimi nimezaliwa Lisekese, nimechezwa huko huko, na Sadallah amesema kweli, mwali haingii mara mbili. Lakini mwanamume huyo anajuaje mambo ya unyago? Angemuuliza mama yake. Kungwi anaingia kila mwaka! Kila msimu anaingia na wanawali wapya, na humo ndani yuko kungwi mkubwa kuliko yeye, anamsahihisha wimbo, anamkumbusha alichosahau, na mwaka unaofuata wanaingia tena. Bibi yangu mzaa mama aliingia mpaka miguu ikakataa, na hakuna mtu Lisekese nzima aliyesema bibi huyu hajafundwa. Tulisema ndiye anayejua. Wewe mwanangu uliacha kuwa mwali siku ile serikali ilipokukalisha kwenye kiti hicho. Wewe ni kungwi. Kawaambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, na akina mama wa Newala watakumalizia wenyewe.

Na nikuambie ukweli, nimesoma barua yako mara mbili na nimejivuna kwa ajili yako. Nimejaza gazeti hili miaka mingi na barua za watu waliopewa cheo kidogo wakaona wamemaliza kujifunza. Mtu ana kiti, ana karani, mji mzima unasimama akiingia, halafu anataka kupanda basi, kuombea kivuko cha Rufiji kisiwe kimeharibika, akakae kwenye dawati aulizwe maswali kama mtoto. Kwa hiari yake! Huyo namvulia kilemba. Na mumeo mwenye ugali wake mpe salamu zangu, wa namna hiyo hawaokotwi chini ya mkorosho.

Utafanya hivi. Jibu la Dar es Salaam litume kesho, sema nakuja. Siku ya kusikiliza kesi, kabla hujaita hata moja, fungua milango na madirisha, waite wote na mwenye jogoo wake, waeleze kwa Kiswahili cha sokoni kwamba hukumu ya mahakama haifi kwa hakimu kusafiri, inasimama mpaka mahakama ya juu iiondoe, na asiyeridhika njia anaijua. Reginald aliyeipeleka habari sokoni aipeleke tena, ila mara hii aipeleke nzima, msikitini na kanisani pia. Mama Nurdini achukue nakala ya hukumu yake, aombe mahakama imlinde kwa utaratibu, na hakimu mwenzako atakayeshika kiti chako ndiye atakayemsikiliza. Salfa waliyopuliza Sadallah na ndugu zake, ahsante yao, miti itazaa vizuri.

Limebaki lile ambalo hujamwambia mumeo. Mimi nadhani hilo ndilo linalokuzuia, kuliko mihogo na jogoo. Unaogopa kwamba siku moja utafungua kitabu darasani, na humo utakuta ulimkosea mtu. Inawezekana, mwanangu. Mimi sijui sheria, siwezi kukuambia haiwezekani. Ukikuta ulikuwa sawa, utalala. Ukikuta ulikosea, utamjua uliyemkosea ni nani, na Mahakama Kuu ipo, na mjane na mpwa wa mumewe wote watajua waende wapi.

Lakini nikuulize kitu kimoja. Siku mimi nikishtakiwa, nikasimama mbele ya kiti, nikiangalia uso wa aliyekaa pale, ningetaka nimkute nani? Ningetaka nikukute wewe, unayeogopa kunikosea. Funga mizigo.