Fatiha Tuliyosoma, na Bili ya Ambulensi

Mama yangu,

Asalaam aleikum, na miguu nakushika hata kwa mbali. Goti vipi? Na dawa ya presha unaimeza, au unaificha chini ya mto kama kawaida yako? Sisi huku Houston tu wazima kwa kutazamwa, ila roho zetu haziko sawa.

Unakumbuka jirani yetu Faraj alipomgonga Salim, mkweo, kwa gari. Alikuja na mkewe na sinia la biriani, akalia mbele yetu. Ukatuambia kwa simu mkosaji akija mlangoni hafukuzwi. Tukasoma Fatiha, tukala, na bima yake ilipoleta karatasi, Salim akatia sahihi kuwa hatudai kitu. Hospitali ilikuwa imeshalipwa. Tukajua yamekwisha.

Kumbe huku ambulensi ina mkoba wake mbali na hospitali. Karibu mwaka umepita, ndiyo bili inakuja. Wadai wanampigia Salim hadi kazini, simu ikilia anashtuka. Nakwambia wazi, mama: wanachotaka kinalingana na zile pesa tulizokuwekea za kupasuliwa goti lako.

Mwanasheria wa msaada anasema bili iliyochelewa hivi inaweza kupingwa, mradi Faraj akubali kwa maandishi kuwa yeye ndiye aliyegonga, ili deni lisibaki kwa Salim. Nikaenda kwake. Akasimama mlangoni, hata karibu hakuniambia.

"Dada, si tulisoma Fatiha?" akasema. "Mimi riziki yangu ni ku-drive. Insurance wakisikia tena, wata-cancel."

"Pesa sikuombi, kaka. Naomba useme kweli tu."

"Hiyo kweli mlishaisamehe."

Akafunga mlango polepole, kwa adabu zote. Nimekasirika, mama, na hasira hazishuki. Salim anasema tulipe tunyamaze, jirani ni jirani, na msikitini yeye na Faraj wanasimama safu moja. Mimi nasema tulimsamehe kosa, hatukumpa ruhusa ya kulikana. Kwa hayo tumelala tumepeana migongo.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, na shangazi wa Kisauni, mwambie dera lake nimeshalinunua. Mdogo wangu asiache kukupeleka kliniki.

Jambo moja ukipiga simu: kwa Salim usilitaje. Leo asubuhi nimemwambia mwanasheria amwite Faraj kwa nguvu ya sheria, na mume wangu bado hajui.

Niombee.

Mwanao,
Mwanaidi