Baba Alikoboa Jioni

Jumatano. Jua la Kyela leo halina masihara, na mimi tangu niamke namkumbuka baba.

Paneli za sola zimejaa paa zima la mashine yetu ya kukoboa mpunga tangu wiki iliyopita. Mota zetu tatu zinakula umeme kuliko mtaa mzima, na bili ikiendelea hivi, msimu ujao nafunga mashine aliyoniachia baba. Sola itaniokoa, ila nikikoboa mchana tu. Betri za kubeba mota kubwa namna ile sikuzimudu. Basi nikabandika tangazo: kukoboa saa nne hadi saa tisa.

Siku tano, mchana hakuna mtu. Wanakuja saa kumi na moja jioni, kama zamani.

Zamani baba aliwasha injini ya dizeli saa hiyo, na mlio wake ulisikika kijiji chetu chote cha Ngana. Kina mama walianua mpunga kwenye mikeka, bado una joto, wakaja nao kichwani. Kila mmoja alisimama pale mchele unapotokea, usije ukachanganywa na wa mwenzake. Mimi nilikaa juu ya magunia ya pumba nikisikiliza umbea usionihusu. Nilikuwa na raha sana.

Ndiyo maana, nakiri, nimeshindwa kuwa mkali. Jana Mama Atupele, mteja wetu tangu enzi hizo, alinikumbusha kwamba mpunga hukobolewa ukitoka juani, na kwamba baba alilijua hilo. Nikawasha umeme wa gridi, nikawakobolea wote.

Leo asubuhi nikamlalamikia mama. Alikuwa anamenya ndizi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Baba yako mchana alikuwa shambani kwenye kakao," akasema. "Nafasi aliipata jioni. Mpunga ukikobolewa na joto lake unakatika. Chenga zote zile tulizokula, ulidhani zinatoka wapi?"

Miaka yote nimeiheshimu saa ambayo baba hakuichagua.

Saa sita mama akaja na debe la mpunga aliouanika jana ukalala ndani ukapoa. Mota zikanguruma kwa jua tupu. Mchele ukatoka mzima, mrefu. Akachota kiganja kimoja, akampelekea Mama Atupele.

Saa nane Mama Atupele akafika na wenzake watatu, kila mmoja na mpunga wa jana. Akasimama palepale unapotokea mchele, akautazama muda mrefu.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru. Akasema wa leo atauleta kesho mchana, na atawaambia wengine.

Sasa ni saa kumi na moja. Nimekaa juu ya magunia ya pumba na uwanja ni mtupu. Mashine ya baba itabaki, na nimefurahi kweli.

Lakini hii saa kumi na moja nitaifanyia nini?